Inzi Wadogo Sebuleni kwa Pasta



Asubuhi ya leo sina mahubiri. Nina ungamo. Ninyi mliokuja kwetu kwa ushirika wa nyumbani mwezi wa tano mnajua nitakapoanzia. Mlikuwa mnafunika vikombe vya chai kwa viganja, na hamkusema kitu kwa sababu ni nyumba ya pasta. Asanteni kwa adabu yenu. Lakini niliwaona.

Vile vidudu vyeusi vilivyokuwa vikielea mbele ya nyuso zenu vilitoka kwenye mimea ya marehemu mama yangu. Kaa nami mpaka mwisho, hasa wewe uliye na mmea dirishani unaokusumbua, na wewe uliye na mtu wako mbali ambaye humwambii ukweli wote.

Mama aliishi Maai Mahiu, kule chini ya mteremko, mahali ambapo jua halina mchezo. Mali aliyoringia ilikuwa mikebe 6 ya mafuta ya kupikia, imepangwa chini ya mabati mbele ya mlango, na ndani ya kila mkebe mmea mmoja wa majani manene. Shubiri 2, ambazo alikata jani mtu akiungua jikoni. Miwili ya yale majani marefu yenye mistari, yaliyosimama kama mapanga. Mmoja uliofanana na waridi lililofunguka. Na wa 6, aliokuwa akiupenda kuliko yote, wenye shina la miti na majani ya mviringo kama sarafu. Watu wengi huuita mti wa pesa. Mama aliuita Mgeni, kwa sababu dada yangu ndiye aliyemletea ukiwa mdogo kama kidole, mwaka alipopata kazi yake ya kwanza.

Huyo dada yangu ndiye kitinda mimba wetu. Yuko Doha, anafanya kazi za nyumbani. Mama alipotutoka mwezi wa kwanza, hakupewa ruhusa ya kuja. Alifuata mazishi kwa simu, binamu yetu akiwa ameinua mkono juu ya vichwa vya watu ili aone jeneza likishuka. Jioni ile alinipigia, akaniambia jambo moja tu.

"Kaka, ile mimea ya Mama usiigawe. Nitunzie mpaka nirudi. Hasa Mgeni."

Nikamwambia, "Hilo tu? Usijali."

Sasa hesabu makosa yangu.

Kosa la kwanza lilikuwa la macho ya watu. Mikebe ya Mama ilikuwa na kutu, na sebule ya pasta ina wageni. Nikasimama kando ya barabara kwa wauzaji wa maua, nikanunua vyungu 6 vyeupe vya kung'aa. Vilikuwa vizuri kama sahani za harusi. Sikuvigeuza kuangalia chini. Chini havikuwa na tundu hata moja. Ile mikebe ya Mama kila mmoja ulikuwa na matundu 5 ya msumari, na mimi nilidhani ni kutu imekula.

Kosa la pili lilikuwa la huruma. Udongo wa Mama ulikuwa changarawe tupu, pamoja na yale mawe mepesi ya kijivu yenye vitundu vitundu, ambayo volkano za bonde zilitema zamani. Ukilishika jiwe lile ni kama umeshika mkate mkavu. Nikasema moyoni, masikini, mimea hii imeishi kwa njaa miaka yote. Nikaumwaga ule udongo nje ya lango. Nikanunua gunia la udongo mweusi wa msituni uliochanganywa na samadi, nikajaza vyungu mpaka juu.

Kosa la tatu lilikuwa maji. Kila asubuhi baada ya maombi, kikombe 1 kwa kila mmea, bila kukosa. Niseme ukweli, sikuwa namwagilia mimea. Nilikuwa namlilia mama yangu kwa kikombe. Nilizika watu wa wengine miaka mingi na nilijua maneno ya kuwaambia. Kwa mama yangu mwenyewe sikuwa na neno, nikawa na kikombe.

Na hapa ni Limuru, si Maai Mahiu. Ni mwendo usiofika saa moja kwa gari, lakini ukipanda ule mteremko umebadilisha nchi. Kule udongo ukimwagiliwa asubuhi, jioni umekauka. Huku ukungu unashuka, na maji ya Jumatatu unayakuta Ijumaa.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeanza, inzi wakatokea.

Si usubi unaouma, wala si wale wanaofuata ndizi zilizoiva. Hawa ni weusi, wembamba, wenye miguu mirefu, na urefu wao ni milimita 2 au 3. Wanaruka kwa ulegevu kama majivu yaliyopulizwa. Ukigusa chungu wanainuka kutoka kwenye udongo. Usiku wanaifuata taa na kioo cha simu. Hawaumi na hawana haraka, na hiyo ndiyo inayokasirisha, maana unapiga kofi hewani na kofi lako linakurudia.

Nikatangaza vita. Nikanunua dawa ya kupulizia mbu. Nilipuliza jioni, asubuhi nikafagia maiti kwenye dirisha, nikasema tumeshinda. Baada ya wiki wakawa wamerudi kwa wingi kuliko mwanzo. Nikapuliza tena. Nikaweka bakuli za siki na sabuni. Nikatundika taulo. Mama watoto akavumilia mpaka kijana wetu mdogo, ambaye kifua chake si cha kuaminika, akaanza kukohoa usiku. Akaniambia kwa upole ule ambao kila mume anaujua, "Baba, hiyo dawa inaua nani hasa?"

Mwezi wa sita Mgeni akaanza kuangusha majani. Mwanzo moja moja, kisha nikipita tu karibu yanaanguka. Yalikuwa yamelegea, yanaonyesha mwanga, kama zabibu zilizooza. Mimi nikaona mmea una kiu. Nikaongeza kikombe cha jioni.

Dada yangu alikuwa akiomba picha kila Jumapili, na kila Jumapili nilimtumia. Kisha Jumapili moja ya mwezi wa saba, nikitoka madhabahuni, nilifika nyumbani nikakuta Mgeni amelala ubavu. Shina lilikuwa limeoza chini. Nililishika likabonyea kama ndizi. Simu ikalia: "Kaka, nitumie Mgeni."

Wapendwa, nilirudi nyuma kwenye simu yangu mpaka nikapata picha ya mwezi wa pili, nikaituma hiyo.

Akajibu, "Ona alivyo mzuri! Nimemuonyesha mwenzangu hapa. Asante sana Kaka."

Nikaweka simu mezani kifudifudi. Inzi mmoja akatua juu yake.

Wiki ile ndugu mmoja wa kanisani alikuja kuniona kwa shughuli nyingine. Anafanya kazi kwenye nyumba za plastiki za mashamba ya maua, kwa hiyo anawajua hawa wadudu kama mimi ninavyowajua washirika wanaochelewa ibada. Hakuangalia inzi hata kidogo. Alitia kidole kwenye chungu cha shubiri mpaka kiungo cha pili, akakitoa kimejaa matope. Akaninusisha. Kilinuka kama mtaro.

"Pasta," akasema, "kwani unapigana na nani?"

Akaniomba kiazi. Akakikata vipande vyembamba, akalaza kimoja juu ya udongo wa kila chungu, akaniambia nisiguse kwa siku 2. Siku ya 2 jioni nikakigeuza kimoja mbele ya watoto. Chini yake kulikuwa na vijiuzi vinavyotembea, vyeupe kama maji ya mchele, kila kimoja na kichwa cheusi kinachong'aa. Watoto wakapiga kelele. Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa nimeona walikotoka adui zangu wa miezi 3.

Alivyonieleza ndivyo nami nakueleza. Yule inzi unayemwona anaishi kama wiki moja tu. Kazi yake ni kutaga, na jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 100, kwenye udongo wenye unyevu na vitu vinavyooza. Baada ya siku chache mayai yanaangua mabuu. Mabuu yanakaa kwenye sentimita chache za juu za udongo kwa wiki 2 hivi, yakila ukungu na samadi, na yakizidi yanaguguna mizizi midogo. Kisha yanageuka inzi. Mzunguko wote ni wiki 3 au 4, na kwenye baridi huchukua muda zaidi. Kwa hiyo ukipuliza dawa hewani leo, umeua wa leo. Wa wiki ijayo wako chini ya udongo, hawajasikia hata harufu.

Halafu akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Hawa inzi hawakuua mti wako, Pasta. Walikuja kwa sababu mti ulikuwa unazama."

Mimea hii Mungu aliiumba na tanki lake. Yale majani manene ndiyo tanki. Inajua kukaa na kiu wiki nyingi, lakini mizizi yake haijui kukaa ndani ya maji. Inakosa hewa, inaoza. Udongo wenye maji kila siku unaota ukungu, ukungu unawaita inzi, na inzi wanakuja kukutangazia. Niliwapiga mashahidi miezi 3, na mkono wenye kikombe ulikuwa wangu.

Usiku ule nilimpigia dada yangu. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanitoka yote bila mpango. Nikamwambia Mgeni amekufa. Akanyamaza, kisha akauliza, "Lini?" Nikamwambia. Nikasikia akihesabu.

"Kwa hivyo ile picha..."

"Ya mwezi wa pili," nikasema.

Simu ikawa kimya mpaka nikadhani imekatika. Kisha akasema, "Pasta." Dada yangu hajawahi kuniita hivyo. "Huku kila siku naambiwa kitu. Ruhusa iko njiani, pesa iko njiani. Nimezoea. Wewe nilikuwa nimekutoa kwenye hiyo hesabu."

Akakata. Siku 2 hakushika simu yangu.

Sitakudanganya tena kwa kusema nilikuwa na amani. Nilikaa kwenye kiti nikiangalia vile vyungu vyeupe, nikaona vinafanana nami. Juu vinang'aa, na chini havina pa kutolea maji.

Siku ya 3 nikapata ujumbe wake wa sauti. Hakusema ameniachilia. Alisema, "Mama alikuwa anamwagilia siku ya kufua tu, kwa yale maji ya mwisho ya kusuuzia. Na kabla ya kumwagilia anatia kidole. Kidole kikitoka na udongo, anaacha. Wewe uliwahi kumuuliza?" Kisha, baada ya kimya kidogo: "Kuna jani lolote la Mgeni ambalo bado ni gumu? Usilizike. Lilaze tu juu ya udongo mkavu, uliache."

Nilikwenda kwenye pipa la taka kwa magoti. Nilipata majani 9.

Sasa nikupe nilichofanya, maana najua wengi wenu mna shida hii hii na mnanunua dawa kila wiki.

Kwanza, niliacha kumwagilia. Kabisa. Wiki 3 nzima, na mkono ulikuwa unawasha. Mabuu hayaishi vizuri udongo wa juu ukikauka, na mmea wa majani manene hautakufa kwa wiki 3. Hapo peke yake nusu ya vita iliisha.

Pili, niliitoa mimea kwenye ule udongo mweusi. Nilitikisa mizizi, nikakata iliyooza kwa kisu kisafi, nikaiacha mimea kwenye karatasi kivulini siku kadhaa mpaka vidonda vikauka. Ule udongo nilipeleka shambani, mbali na nyumba. Sukuma wiki inaupenda.

Tatu, niliteremka Maai Mahiu. Mikebe ya Mama ilikuwa bado imerundikwa nyuma ya nyumba. Nikaiosha, nikapigilia msumari matundu yaliyoziba, nikajaza gunia la changarawe na yale mawe mepesi. Nikachanganya sehemu 2 za mawe na changarawe kwa sehemu 1 ya udongo, na juu kabisa nikaweka changarawe kavu unene wa vidole 2, ili inzi asipate mahali penye unyevu pa kutagia. Kama unapenda chungu cha kauri, kitoboe, au weka mkebe wenye matundu ndani yake na umwage maji yanayobaki chini.

Nne, kwa wale wanaoruka, nilikata vipande vya mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia, nikavipaka mafuta ya kujipaka, nikavisimamisha karibu na mikebe. Rangi ya manjano inawavuta, wananaswa. Mashambani hutumia karatasi za manjano zenye gundi, na kwenye agroveti zipo. Lakini ujue, mtego huu unapunguza watagaji na kukuonyesha kama wanaisha. Hautibu udongo.

Tano, kama una mmea usioweza kukauka, kuna dawa ya bakteria inayoitwa Bacillus thuringiensis israelensis, hiyo hiyo inayotumiwa kuua mabuu ya mbu. Huchanganywa na maji ya kumwagilia na hurudiwa kwa wiki kadhaa, kwa sababu mayai yanaangua kwa zamu. Mimi sikuihitaji. Mimea yangu haikuhitaji dawa. Ilihitaji niache.

Usitegemee inzi waishe siku moja. Walinichukua karibu wiki 6, na kila wiki walipungua. Shubiri zote 2 zimepona, na mapanga yote 2 yamesimama. Ule wa waridi nilichelewa, haukupona. Katika yale majani 9 ya Mgeni, 3 yalikauka. Yaliyobaki, 6, yalitoa vijizizi vya rangi ya waridi, vyembamba kama nywele za mtoto, na wiki iliyopita 2 kati yake yamechipua. Kila chipukizi ni kama kichwa cha kiberiti.

Jumapili nilimtumia dada yangu picha. Si nzuri. Mkebe una kutu, jani la zamani limekunjamana, na kwenye kona ya picha kuna inzi mmoja amenaswa kwenye kipande cha manjano. Nilitaka kuikata ile kona. Nikaiacha.

Akajibu baada ya saa 5. "Sawa." Baadaye kidogo akaongeza, "Kila Jumapili, hivyo hivyo."

Anarudi mwezi wa 12, ruhusa ikitoka. Sijui atanikumbatia au ataanza kwa kukagua mikebe. Nitakuwa pale uwanja wa ndege.

Mpendwa, sikuulizi kuhusu mimea tu. Ni nini kinachoruka nyumbani mwako ambacho unakipiga kofi kila siku na kinarudi? Ugomvi uleule na mkeo, mtoto anayefunga mlango, rafiki anayejibu kwa neno moja. Labda si adui. Labda amekuja kukuonyesha udongo. Na huyo unayempenda sana, unayemmwagia ushauri na pesa na simu 5 kwa siku, uliwahi kutia kidole kwanza kujua kama ana kiu?

Na kama kuna picha ya mwezi wa pili uliyomtumia mtu mwezi wa saba, mpigie leo. Atanyamaza. Pengine atakata. Mwache amalize siku zake 2, lakini asibaki na picha ya uongo.

Bwana atupe moyo wa kutia kidole, na ujasiri wa kugeuza kiazi tuone kilicho chini.

Ushirika wa nyumbani ni Alhamisi, saa 12 jioni, kwetu. Chai itakuwepo. Msifunike vikombe, na mkiona inzi, semeni.

Mbarikiwe.